Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt

Katika nchi ya Kanada, upande wa Quebec, kuna mji mdogo jina lake Valcourt. Watu wa huko husema Kifaransa. Zamani wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Hapo ndipo alipozaliwa Joseph-Armand Bombardier, tarehe 16 Aprili 1907. Baba yake aliitwa Alfred, na mama yake Anna Gravel. Wakajaliwa watoto wanane, na Armand ndiye kifungua mimba.

Watoto, ili kufahamu maisha ya mtu huyu, yafaa kwanza kufahamu theluji. Sisi twaiona kwa mbali tu, juu ya vilele vya Ruwenzori, na hata huko imepungua sana siku hizi. Lakini Quebec theluji huanguka miezi mingi ya mwaka. Hufunika mashamba, nyua na njia. Siku za utoto wa Armand, njia za vijijini hazikuondolewa theluji. Wakati wa baridi ulipofika, mwenye motokari aliiweka bandani, akaiegemeza juu ya magogo, akaiacha mpaka theluji iyeyuke. Watu wakarudia farasi na sleji, ndiyo gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya mbao mbili. Theluji ikiwa laini mno, farasi alizama mpaka tumbo, na hapo kila mtu alikaa nyumbani kwake. Mgonjwa naye alikaa nyumbani kwake.

Tangu utoto Armand alipenda kufungua vitu na kutazama ndani. Alichukua saa mbovu, akatoa springi na magurudumu yake madogo, akatengeneza vitu vya kuchezea: magari, merikebu, treni. Akatengeneza hata mzinga mdogo uliolia kweli. Hapo baba yake akaona hatari, akafikiri afadhali kijana apate kazi kubwa zaidi ya kushughulisha mikono yake. Akampa injini ya motokari kuukuu ya Ford ili aifungue na kuifunga tena.

Armand akaifungua. Akaifunga tena. Halafu, bila kumwambia mtu ila ndugu yake Léopold, akaiweka juu ya sleji. Nyuma akafunga pangaboi kubwa la mbao, kama lile la ndege. Tarehe 31 Desemba 1922, akiwa na miaka 15, akaitoa mashini yake nje. Léopold alikaa mbele, akaongoza; Armand aliangalia injini. Wakapita katikati ya Valcourt kwa makelele makubwa, wakaenda zaidi ya kilometa moja juu ya theluji, na watu wakatoka nyumbani kutazama. Baba alipoona lile pangaboi likizunguka wazi karibu na vichwa vya watoto wake, akaamuru mashini ivunjwe siku ile ile. Kwa kweli alikuwa na haki. Pangaboi la namna ile laweza kukata mkono wa mtu kama panga likatavyo mgomba.

Wazazi wake walitumaini kwamba Armand atakuwa padri. Alipokuwa na miaka 14 walikuwa wamempeleka katika seminari ya Mtakatifu Karolo Boromeo, katika mji wa Sherbrooke. Akasoma vizuri, lakini likizo zote alizitumia katika ufundi, na moyo wake haukutulia. Alipofika miaka 17 akazungumza na baba yake, na baba akakubali aache seminari, akajifunze ufundi wa motokari. Akafanya kazi kwanza katika gereji ya kijiji cha South Stukely, kisha katika mji mkubwa wa Montréal. Mchana alitengeneza motokari za watu. Jioni alikwenda darasani kujifunza mambo ya mashini na ya umeme.

Mwaka 1926 akarudi Valcourt. Akiwa na miaka 19 tu, akafungua gereji yake mwenyewe. Baba yake alimkopesha fedha, na baada ya miaka michache Armand akamlipa zote. Vyombo alivyokosa alivitengeneza kwa mikono yake. Umeme nao haukutosha. Basi akazuia maji ya kijito kilichopita karibu, akaweka gurudumu la kuzungushwa na maji, akapata umeme wa gereji yake. Wakulima wakamletea kila kitu kilichoharibika: motokari, pampu za maji, mashini za kupura ngano. Mwaka 1929 akamwoa Yvonne Labrecque.

Wakati wa kiangazi kazi ilimjaa. Wakati wa baridi, motokari zote zikiwa juu ya magogo, gereji ilikuwa kimya. Ndipo Armand alipoanza tena kushughulika na mashini ya theluji. Kila mwaka akajaribu namna nyingine, na kila mwaka akaona kasoro mpya. Pangaboi lilikuwa hatari, tena halikufaa kwa njia nyembamba. Motokari zenye magurudumu manne zilikuwa nzito, zikazama.

Ninyi mmekwisha kuona lori lililokwama katika matope wakati wa mvua nyingi. Magurudumu huzunguka mahali pamoja, yakachimba shimo, na lori likazidi kuzama. Theluji hufanya vivyo hivyo. Lakini ukitandika ubao mpana juu ya matope, mtu mzito aweza kupita, kwa sababu uzito wake umeenea mahali pakubwa. Basi ilimpasa Bombardier kutafuta namna ya kutandika ubao mpana chini ya mashini, na ubao huo uende pamoja nayo.

Hakuwa mtu wa kwanza kufikiri hivyo. Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa fundi wa motokari za mfalme wa Urusi, alikuwa amevumbua mkanda wa mpira unaozunguka chini ya motokari badala ya magurudumu ya nyuma. Motokari za Citroën zenye mikanda ya namna hiyo zilivuka Afrika kutoka Algeria, na mwaka 1925 zikapita hata katika Kongo yetu. Lakini katika theluji laini na baridi kali kuna adui mwingine: theluji huingia kati ya gurudumu na mkanda, ikagandamana, ikawa barafu ngumu, na mkanda ukateleza au ukatoka mahali pake. Hapo ndipo Bombardier alipohangaika miaka mingi.

Katika baridi ya mwaka 1934 jambo la huzuni likaingia nyumbani mwake. Mtoto wake Yvon, mwenye miaka miwili, alishikwa na maumivu ya tumbo. Kidole-tumbo kilikuwa kimeharibika, na sumu ikaenea tumboni. Ilihitajiwa apasuliwe upesi na mganga, na hospitali ilikuwa Sherbrooke, mbali karibu kilometa 50. Njia zote zilikuwa zimezibwa na theluji. Baba huyo, aliyetumia miaka mingi kutafuta mashini ya kupita juu ya theluji, hakuwa na mashini iliyo tayari. Yvon akafa.

Watu wengine husimulia kwamba Bombardier alianza kuvumbua kwa sababu ya kifo hicho. Sivyo, kama mlivyoona. Alikuwa ameanza tangu ujana. Lakini baada ya siku ile kazi yake haikuwa tena mchezo wa fundi wakati wa kukosa kazi.

Mwaka 1935 akapata alichokitafuta. Akatengeneza gurudumu lenye meno, akalifunika kwa mpira. Meno hayo yaliushika mkanda na kuuvuta, kama vile gurudumu la meno la baiskeli linavyouvuta mnyororo. Kwa kuwa meno yalifunikwa mpira, barafu haikuyashika sana, na mkanda haukuteleza. Mkanda wenyewe ulikuwa wa mpira na pamba, wenye vyuma vilivyopita kukingama. Mwaka 1937 serikali ikampa hati ya kushuhudia kwamba uvumbuzi huo ni wake. Gurudumu hilo la meno likawekwa kwa miaka mingi katika alama ya kampuni yake.

Mashini ya kwanza aliyouza aliiita B7: herufi B ya jina lake, na 7 kwa sababu ilichukua watu saba. Mbele ilikuwa na mbao mbili za kutelezea, na nyuma mikanda miwili. Baadaye akatengeneza B12 iliyochukua watu kumi na wawili. Waganga wakazinunua ili kufikia wagonjwa, mapadri ili kuzungukia Wakristo wao, watu wa posta ili kupeleka barua. Nyingine zilichukua watoto kwenda shule. Ndugu zake wakafanya kazi pamoja naye, na mwaka 1942 wakaanzisha kampuni iliyoitwa L'Auto-Neige Bombardier Limitée.

Sasa tusimame kidogo, tutazame chini ya mashini ya theluji, maana hapo ndipo penye uzima wake.

Mtu akiitazama kwa nje, huona mkanda tu. Lakini ndani ya mkanda mna magurudumu mengine yasiyo na meno. Hayo hayavuti kitu. Kazi yake ni kubeba uzito na kuukandamiza mkanda chini, nao ulale sawasawa juu ya theluji. Yameshikwa na mikono ya chuma yenye springi, ili mashini ikipita juu ya kilima kidogo, magurudumu yapande na kushuka, na watu wasiumie mgongo. Ndani ya kila gurudumu mna beringi. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na kati yake gololi ngumu zilizopakwa grisi. Pete ya nje hushikwa na gurudumu, pete ya ndani hushikwa na mhimili. Ukifungua gurudumu la baiskeli utaona gololi kama hizo.

Gololi hizo zina adui watatu. Wa kwanza ni maji: theluji ikiyeyuka huingia ndani, ikaondoa grisi na kuleta kutu. Wa pili ni mchanga wa njia, ambao husaga chuma. Wa tatu ni mwendo wenyewe, kwa sababu magurudumu haya ni madogo, nayo huzunguka mara nyingi sana kwa kila kilometa. Mpira wa ukingo wa gurudumu huisha vilevile, hasa dereva akipita penye mawe na ardhi tupu. Beringi moja ikikwama, gurudumu haligeuki tena. Mkanda hupita juu yake ukikwaruzwa, joto hupanda, na mwisho mkanda hukatika. Kumbe chombo cha bei ndogo chaweza kuharibu kitu cha bei kubwa, na kumwacha mtu mbali na kwake katika baridi inayoua.

Kwa hiyo fundi mwema hangoji mpaka zivunjike. Kabla ya majira ya theluji huinua sehemu ya nyuma ya mashini, akaiegemeza juu ya kitu imara, mkanda usiguse chini. Kisha huzungusha kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Gurudumu zima huzunguka kimya. Likinguruma au kukwaruza, beringi imekufa. Halafu hushika gurudumu juu na chini, akalitikisa: likicheza huku na huku, beringi imeliwa. Ukingo wa mpira ukiwa umemeguka au umebaki mwembamba, gurudumu lote hutupwa.

Kubadilisha si kazi ngumu, lakini yataka utaratibu. Kwanza hulegeza mkanda kwa bolti za nyuma zinazoukaza. Hufungua bolti ya gurudumu, akalitoa. Mara nyingi beringi huzuiwa na pete nyembamba ya chuma, ambayo hutolewa kwa koleo. Na hapo afadhali kuangalia macho, kwa sababu pete hiyo huruka. Kisha huweka gurudumu juu ya kipande cha bomba kilicho kipana kuliko beringi, akaisukuma beringi itoke upande wa chini. Husafisha nafasi yake. Nafasi hiyo ikiwa imepanuka hata beringi mpya yaingia bila kusukumwa, gurudumu halifai tena.

Wanafunzi wengi wa ufundi huharibu wakati wa kuingiza beringi mpya. Huipiga nyundo katikati. Pete ya ndani ikipigwa, nguvu yote hupita katika gololi, zikaacha alama ndogo ndogo katika njia yake, na beringi mpya inakuwa mbovu kabla haijafanya kazi hata siku moja. Ukiiingiza katika gurudumu, sukuma pete ya nje. Ukiiingiza katika mhimili, sukuma pete ya ndani. Fundi huikandamiza polepole kwa jiliwa, akiangalia iingie wima, haiendi upande. Kisha hurudisha ile pete ya kuzuia, akalifunga gurudumu, akalizungusha tena na kusikiliza. Magurudumu mawili ya mhimili mmoja hubadilishwa pamoja, kwa sababu yamefanya kazi sawa. Mwisho hukaza mkanda, upande huu na upande ule kwa kipimo kimoja, akauzungusha na kutazama kama wapita katikati. Mashini za leo zina mbao za plastiki zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, na magurudumu yamepungua. Lakini beringi zake hubadilishwa vivyo hivyo.

Turudi Valcourt. Mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamuru njia zote kubwa, hata za vijijini, ziondolewe theluji wakati wa baridi. Kwa watu lilikuwa jambo jema. Kwa Bombardier lilikuwa pigo, maana waganga na watu wa posta waliweza sasa kutumia motokari zao mwaka mzima. Mauzo yakaanguka sana. Kampuni iliyozaliwa kwa sababu njia zilizibwa ilikuwa karibu kufa kwa sababu njia zilifunguliwa.

Bombardier akatafuta mahali pasipo na njia kabisa. Akatengeneza mikanda ya kufungwa katika matrakta ya wakulima. Mwaka 1953 akatoa mashini nyingine iliyoitwa Muskeg, jina la mabwawa ya Kanada. Hii ilipita katika matope, misitu na theluji, ikachukua mizigo ya watu waliokata miti na waliotafuta mafuta ya ardhi. Moja ilitumiwa hata katika safari ya Waingereza na wenzao waliovuka bara la kusini lenye barafu, Antaktika, katika miaka ya 1957 na 1958. Mwanawe Germain naye akapata namna ya kutengeneza mkanda wa mpira wa kipande kimoja, usio na maungio. Mahali pa maungio ndipo mikanda ya zamani ilipokatika mara nyingi.

Hata hivyo wazo la ujana wake lilikuwa halijatimizwa: mashini ndogo, nyepesi, ya mtu mmoja au wawili. Zamani injini zilikuwa nzito mno. Kufikia miaka ya 1950 injini ndogo zilipatikana, na mkanda mwepesi ulikuwa tayari. Mwaka 1959 mashini hiyo ikatoka: mbao mbili mbele, mkanda mmoja mpana nyuma, injini ya nguvu ya farasi saba, na kiti kama cha pikipiki.

Rafiki yake, Padri Maurice Ouimet wa shirika la Oblati wa Maria, alikuwa mmisionari huko Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, katikati ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Huko hakuna njia ya motokari. Wakati wa baridi alisafiri na mbwa waliovuta sleji, akalazimika kuwalisha mwaka mzima, hata siku zisizo na safari. Mwaka ule wa 1959 Bombardier akampelekea mojawapo ya mashini za kwanza ili aijaribu. Padri akaitumia, na wenyeji wakaona mara moja faida yake kwa uwindaji na kwa mitego yao. Kwanza iliitwa Ski-Dog, yaani mbwa wa theluji. Baadaye jina likawa Ski-Doo.

Mwaka wa kwanza ziliuzwa 225. Bombardier mwenyewe hakutazamia makubwa. Aliona ni chombo cha wawindaji, wamisionari na watu wa kaskazini. Lakini watu wa mijini wakazinunua kwa michezo, na kufikia mwaka 1964 ziliuzwa zaidi ya 8,000 kwa mwaka. Katika nchi za kaskazini mbwa wa kuvuta sleji wakapungua upesi. Wazee wengine walisikitika, kwa sababu mbwa hahitaji petroli, tena hupata njia ya nyumbani katika dhoruba.

Bombardier hakuona sehemu kubwa ya mambo hayo. Alishikwa na ugonjwa wa kansa, akafa katika Sherbrooke tarehe 18 Februari 1964, akiwa na miaka 56, theluji ingali juu ya mashamba. Aliacha hati zaidi ya 40 za uvumbuzi wake. Kampuni yake baadaye ilitengeneza treni na ndege. Kazi ya Ski-Doo ilitengwa mwaka 2003, ikawa kampuni nyingine, na makao yake yangali Valcourt.

Katika mji huo kuna nyumba ya ukumbusho iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani yake wameihifadhi ile gereji ya mwaka 1926, pamoja na vyombo vya fundi vikiwa mahali pake.